Wakili wa Shangazi

Kalinzi walianza kuniita wakili nikiwa bado mwaka wa pili chuo kikuu. Kila niliposhuka kwenye gari la abiria linalotoka Mwandiga kuelekea Manyovu, nilisikia mtu akipaza sauti kutoka migombani: "Wakili kafika!" Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaanza kuwasahihisha. Mimi si wakili, nilisema. Nasomea sheria, nikimaliza nitakuwa mwanasheria, na uwakili ni hatua nyingine ya mbele. Mzee mmoja aliyekuwa akianika kahawa uani kwake alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa huyo mwanasheria ni wa nani?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Mwanasheria ni mtu yeyote aliyesoma sheria. Anaweza kuwa mwalimu, ofisa wa halmashauri au mshauri wa kampuni. Wakili ni yule ambaye baada ya shahada amepita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha akakubaliwa na Jaji Mkuu na jina lake likaandikwa katika daftari la mawakili. Kila wakili ni mwanasheria, lakini si kila mwanasheria ni wakili.

Mzee alitikisa kichwa, akaendelea kugeuza kahawa yake. Nilidhani hakuelewa. Ilinichukua miaka kutambua kwamba mimi ndiye sikulielewa swali. Yeye aliniuliza mwanasheria ni wa nani, nami nikamjibu mwanasheria ni nani.

Ukiyatazama maneno yenyewe, swali lake lina mashiko. Mwanasheria ni mwana wa sheria, kama mwanachama alivyo wa chama na mwanamaji alivyo wa maji. Jina linaeleza anatoka wapi na anatii nini. Halisemi lolote juu ya mtu mwingine. Wakili ni neno la namna tofauti. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo na mwenzake. Neno hili haliwezi kusimama peke yake. Ukisema wakili, tayari umesema kuna mtu wa pili, yule aliyekabidhi.

Ukoo wake ni mkubwa. Wakala ni ndugu yake, awe wakala wa mbolea au wa fedha za simu. Kuwakilisha kumezaliwa humo, na mwakilishi pia, pamoja na Baraza zima la Wawakilishi kule Zanzibar. Tawakali, neno tunalolisoma kwenye mashua na mabasi, limetoka kwenye mzizi huohuo: kumwachia Mungu jambo lako ukiamini halitapotea mikononi mwake. Waislamu humtaja Mungu mwenyewe kwa jina la Al-Wakil, Mwenye kutegemewa. Kwa hiyo kabla ya joho jeusi na kola nyeupe, neno hili lilikuwa neno la amana.

Nayaandika haya kwa sababu nimewahi kukabidhiwa amana nikaipoteza, na siku hiyo watu wote walinipongeza.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada, nikisubiri kwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya vitendo. Shangazi yangu, dada wa baba, alipata wito wa mahakama ya mwanzo. Jirani yake alimdai shilingi 250,000. Alikuwa amemkopesha misimu miwili nyuma, kwa makubaliano ya mdomo kwamba kahawa ikiuzwa atarudishiwa. Kahawa iliuzwa, fedha zikaishia kwenye matibabu ya mjukuu. Msimu uliofuata mibuni haikuzaa vizuri. Jirani alisubiri, akakumbusha, akakumbusha tena, akachoka, akaenda kufungua shauri.

Shangazi alimtuma mtoto aniite. Nilimkuta jikoni akichambua maharage. Alinisalimu mwakeye, akanipa kigoda, akaendelea kuchambua.

"Mwanangu," alisema, "wewe unajua kusema mbele ya hakimu. Mimi nikisimama pale nitatetemeka. Nenda ukanisemee. Sema nadaiwa, ila naomba nilipe kidogo kidogo, msimu huu na ujao. Na umwombe yule bwana asinione mtu mbaya."

Nilisikia vizuri sana maneno ya kwanza, yale ya kwamba najua kusema. Ya mwisho yalinipita kama yanavyopita maneno ya mtu mzima mwenye hofu.

Wakati huo mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama ya mwanzo. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu kilikuwa kimewafungia mlango. Lakini kifungu hichohicho kiliacha dirisha: katika shauri la madai, mahakama yaweza kumruhusu ndugu, au mtu wa nyumba ya mhusika, asimame kwa niaba yake, iwapo mhusika mwenyewe ataomba. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na sasa mawakili wanaweza kusimama katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Mwaka 2013 hapakuwa na wakili. Palikuwa na mtoto wa kaka.

Leo ninapokisoma kifungu kile naona kilitaka vitu viwili tu: undugu na ombi. Hakikuuliza kama ndugu huyo amesoma. Kiliuliza kama ni wako, na kama umemtuma.

Mimi niliingia pale kama msomi. Nilikuwa nimekaa usiku kucha na daftari langu. Niligundua kwamba jirani hakuwa na maandishi. Katika mahakama ya mwanzo shauri la madai haliamuliwi kwa uthibitisho usioacha shaka, kama kesi ya jinai. Mahakama hupima ushahidi wa pande mbili na kumpa haki mwenye ushahidi mzito zaidi. Lakini lazima pawepo na kitu cha kuweka kwenye mizani, na mzigo wa kukiweka ni wa anayedai. Asubuhi tukiwa njiani nilimwambia shangazi: "Wewe kaa tu, usiseme kitu. Niachie mimi." Aliniachia.

Hakimu alisoma dai, huku wazee wawili wa baraza wakiwa kando yake. Akamgeukia shangazi. "Mdaiwa, unasemaje kuhusu dai hili? Unalikubali?"

Nilisimama kabla hajafungua mdomo. "Hatukubali, Mheshimiwa. Mdai alete uthibitisho."

Jirani alieleza habari yake kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Zamu yangu ya kumhoji ilipofika nilimuuliza kama ana maandishi. Alisema hana, kwa sababu ni jirani yake. Nilimuuliza kama palikuwa na shahidi.

"Alikuwepo mke wangu."

"Yuko wapi aje aieleze mahakama?"

Alikaa kimya kidogo. "Tulimzika mwaka jana."

Nilijua. Watu wote mle ndani walijua. Shangazi alikuwa amepika katika msiba ule siku tatu mfululizo. Nikasema, "Sina swali jingine, Mheshimiwa," kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi.

Dai lilitupwa kwa kukosa uthibitisho. Nje, vijana walinipa mikono. Wakili, wakili! Safari hii sikumsahihisha mtu. Jirani alipita karibu yetu akiwa ameshika kofia yake. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia shangazi, wala si kwa hasira. Alimwangalia kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

Tulipanda mlima kurudi nyumbani bila kuzungumza. Tulipofika uani shangazi alikaa kwenye kizingiti, akavua viatu, akauliza: "Kwa hiyo, mwanangu, mimi sikukopa?"

Nilimweleza. Mahakama haikusema hukukopa, nilimwambia. Imesema yeye hakuthibitisha kwamba ulikopa. Ni vitu viwili tofauti.

"Kwenye vitabu," alisema. Kisha baada ya muda: "Ulisema hatukubali. Wewe na nani?"

Nimesikia maswali mengi magumu kutoka kwa majaji tangu siku ile. Hakuna lililonifunga mdomo kama hilo. Silabi moja ndogo, ile *tu* ya wingi, ilikuwa imembeba mwanamke mzima na kumpeleka asikotaka kwenda. Chuoni, kutokubali dai ni hatua ya mchezo. Humaanishi kwamba deni halipo, unamwambia mwenzako acheze karata yake. Lakini mahakama ya mwanzo imekuwa ikiendeshwa kwa Kiswahili cha watu tangu zamani, na katika Kiswahili cha watu kutokubali deni ni kulikana. Wale wazee wawili hawakusikia hatua ya mchezo. Walisikia kwamba mama wa Kalinzi, wanayemfahamu, amemkana jirani yake mbele za watu.

Miezi michache baadaye, nikielekea kituo cha reli kuanza safari ya Dar es Salaam, nilipita Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone. Kila mtoto wa Kigoma huambiwa habari ya mahali pale: mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo, wakapeana mikono. Mimi nilikuwa nimesoma yaliyotangulia mkono ule, na ndiyo yaliyonipeleka.

Wiki chache kabla ya Stanley kufika, mwezi Oktoba, Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa na amedhoofika. Kilichompa nguvu ya kutembea ni matumaini kwamba Ujiji kuna mali yake, vitambaa na shanga zilizotumwa kutoka Unguja, ambazo ndizo zilikuwa fedha ya nchi. Mali hiyo ilikuwa chini ya mtu aitwaye Sharifu, mshona nguo kwa maelezo ya Livingstone. Alipofika alikuta Sharifu ameiuza yote na kununua pembe za ndovu. Utetezi wake, kama Livingstone alivyouandika katika shajara yake, ulikuwa kwamba alipiga fali kwa Kurani akaona mwenye mali amekwisha kufa.

Lazima niwe mwangalifu hapa. Tunalo neno la Livingstone tu. Sharifu hakuacha shajara, na hakuna aliyesimama kumsemea. Huenda naye angekuwa na yake ya kusema. Lakini utetezi ule, kama aliutoa kweli, unaonyesha kitu juu ya amana ambacho sikukipata darasani.

Ujiji ya wakati ule iliishi kwa kukabidhiana. Mwenye mtaji alikuwa pwani, au ng'ambo ya ziwa Manyema, na barua ilichukua miezi. Mali ya mtu ilikaa mikononi mwa mtu mwingine, na aliyeishika alilazimika kuamua mambo ambayo mwenyewe hayupo kuyaamua. Hapo ndipo uwakili ulipokuwa na maana, na hapo ndipo ulipokuwa na hatari. Aliyekabidhiwa ana nafasi ya kufanya apendavyo, na ili afanye apendavyo bila dhamiri kumsumbua, njia rahisi ni moja: aamini kwamba mwenye mali hayupo tena. Sharifu alihitaji fali kuamini hivyo. Livingstone alikuwa mbali, na kwa miaka kadhaa Ulaya nzima ilikuwa ikiuliza kama yu hai.

Mimi sikuhitaji hata fali. Shangazi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, mzima, akinitazama. Hakimu alimuuliza swali yeye, nami nikajibu kana kwamba tumekwisha kumzika.

Watu wa zamani walijua hatari hii, na waliiwekea mipaka. Katika ndoa ya Kiislamu mzazi wa bibi harusi asipoweza kufika anaweza kuweka wakili amwozeshe binti kwa niaba yake. Wakili huyo hutumwa na jina la mwanamume na kiasi cha mahari. Hana ruhusa ya kumpeleka binti kwa mwanamume mwingine kwa sababu huyo wa pili ana mashamba makubwa zaidi. Akifanya hivyo hawezi kujitetea kwamba amewapatia faida. Amevuka alichotumwa, basi.

Na sisi tuliolelewa kanisani tulilijua neno hili kabla hatujaona mahakama. Katika Biblia ya Kiswahili wakili si mtu wa kesi. Ni msimamizi wa mali ya bwana wake, na sifa inayotakiwa kwake ni moja tu, uaminifu. Makanisani bado tunafundishwa uwakili tukimaanisha jinsi ya kutunza tulivyopewa. Yule anayesimama kumsemea mwenye kosa, mahali ambapo lugha kadhaa za Ulaya zimetumia neno lao la mtu wa mahakamani, watafsiri wetu walimwita Mwombezi. Waligawa kazi mbili ambazo leo tumeziweka juu ya mtu mmoja: kushika na kusema.

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, yumo wakili dhalimu. Anapojua atafukuzwa kazi, anawaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja. Mwenye deni la vipimo 100 vya mafuta anaambiwa aandike 50. Mwenye 100 vya ngano aandike 80. Mahubiri mengi juu ya kisa hiki huhangaika na kwa nini bwana yule alimsifu. Mimi nilipokisoma upya nilihangaika na wale wadeni. Walikwenda nyumbani na karatasi nyepesi. Je, walipokutana na bwana njiani walimwamkiaje? Yule wakili aliwapunguzia nusu na moja ya tano. Mimi nilimpunguzia shangazi deni lote, mpaka sifuri, na baada ya hapo hakuweza kupita njia ya kisimani inayopita kwa jirani. Alizunguka kwa nyuma, kwenye utelezi.

Najua la kunijibu, kwa sababu nimekuwa wakili sasa kwa miaka kadhaa na nimelitumia mwenyewe. Sheria ya kwamba anayedai athibitishe haikuwekwa kwa ajili ya wajanja. Iliwekwa kwa ajili ya wanyonge. Nimeona mkopo wa shilingi 100,000 ukirudi mahakamani umekuwa 400,000, na mkopaji asiyejua kusoma anatingisha kichwa kukubali kwa sababu kweli alikopa na anaona aibu kubishana juu ya kiasi. Mtu mwaminifu huliwa na uaminifu wake. Mbele ya mtu kama huyo, wakili anayesema "hatukubali, alete uthibitisho" anafanya kazi takatifu. Ukimwacha aseme mwenyewe atatoa hata asichodaiwa. Na kama mshitakiwa wa jinai, ambaye anaweza kufungwa, asingekuwa na mtu wa kuibana serikali ithibitishe, magereza yetu yangejaa waungamaji.

Yote hayo ni kweli. Neno letu jingine la kazi hii, mtetezi, limebeba ukweli huo: kutetea ni kuteta kwa ajili ya mtu, kugombana kwa niaba yake. Kuna wakati mtu anahitaji mgomvi. Sina ninalolitaka kuliondoa katika hoja hiyo.

Ila hoja hiyo ilikuwa mali ya shangazi, si yangu. Hapo ndipo kosa lilipo. Ningeweza kumwambia pale jikoni: "Shangazi, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kukubali deni na kuomba muda. Ya pili ni kumtaka athibitishe, na naona hataweza. Ya pili itakuokolea 250,000, lakini utakaa mbele ya watu kama uliyekana." Angechagua. Kama angechagua ya pili, aibu ingekuwa yake na uamuzi ungekuwa wake, nami ningesimama nikaseme "hatukubali" bila kuibeba silabi ile peke yangu. Sikumwambia kwa sababu nilijua angechagua ya kwanza, na ya kwanza haikuwa na nafasi ya mimi kung'aa. Nani anahitaji shahada kuomba kulipa kidogo kidogo?

Kwa hiyo sidhani swali ni kama wakili awe mdomo tu au awe akili. Mdomo tu ni kasuku, na watu hawalipi kasuku. Wakili hawezi kubeba kila neno analopewa. Yeye pia ni ofisa wa mahakama, na mteja akimtuma uongo anapaswa kuukataa mbele yake, si kuupamba. Swali ni nani anabaki na jambo lake. Mtu anapokukabidhi shauri lake hajakuuzia. Anaweza kukupa nguo uishone, ukamshauri mshono, ukamwambia kitambaa hiki kitabana. Bado atakayeivaa ni yeye, na atapita nayo njia ileile mbele ya majirani walewale.

Lugha zetu za nyumbani zinanikumbusha hili kwa namna nyingine. Ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, Warundi humwita hakimu umucamanza, mkata kesi, kama sisi tunavyosema kukata shauri. Na wazee wao wa usuluhishi ni abashingantahe, wanaosimika fimbo ya haki. Muha wa Kalinzi husikia maneno hayo bila mkalimani. Mtu wa kukata yupo na mtu wa kusimika fimbo yupo. Lakini mwenye shauri, katika vikao vya wazee nilivyokaa mimi nikiwa mtoto, alisema mwenyewe. Ndugu walikaa nyuma yake. Walimsahihisha tarehe, walimkumbusha jina la shahidi, walimvuta shati akianza kutukana. Hawakusimama mbele yake. Kiingereza na Kifaransa wamechukua neno lao la wakili kutoka Kilatini, advocatus, aliyeitwa aje kusimama upande wako. Upande, si mbele.

Tangu mwaka 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria huko vijijini, na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, si za mwanzo tu. Nafurahi kwa yote mawili. Lakini naona pia kwamba watu wenye ruhusa ya kumsemea mtu wa Kalinzi wanaongezeka mwaka hadi mwaka, na kila mmoja wetu anajifunza kusema vizuri zaidi. Swali la mzee wa kahawa linabaki palepale.

Shangazi alilipa deni lile. Ilimchukua misimu mitatu, nami nilijua tu kwenye malipo ya mwisho, kwa sababu jirani alikuwa amehamia kwa mwanawe Kasulu na fedha zilipaswa kutumwa kwa simu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Aliniomba nimsindikize kwa wakala pale sokoni, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kushindwa na maandishi madogo.

Wakala alikuwa kijana wa miaka kama 20, amekaa ndani ya kibanda cha mbao. Alipokea noti, akazihesabu mara mbili, akaandika namba. Kisha, kabla ya kubonyeza, aligeuza simu kuelekea kwa shangazi, si kwangu niliyevaa shati la mjini. Alipoona hawezi kusoma, akamsomea jina lililotokea.

"Mama, ni huyu?"

"Ndiye."

"Elfu themanini?"

"Ndiyo. Themanini."

"Nitume?"

Shangazi alinyamaza kidogo, kama mtu anayeweka tunguu chini baada ya kulibeba mlima mzima.

"Tuma," alisema.